Puto, kisu au valvu mpya: kulinganisha njia za kutibu valvu ya moyo iliyobana

Ripoti ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) imetoka na imeandikwa "stenosisi kali", yaani valvu imebana sana. Katika maelezo ya daktari yamepita maneno kadhaa kwa mkupuo: kutanua kwa puto, komisurotomia, kubadilisha valvu, TAVI. Ndugu wakikusanyika, kila mmoja ana mtu wake aliyewahi kufanyiwa mojawapo akapona, naye anasisitiza hiyohiyo ndiyo ifanywe. Shida ni kwamba huyo mtu huenda alikuwa na valvu nyingine kabisa, imebana kwa sababu nyingine, na umri wake haukaribiani na wa mgonjwa wenu.

Hapa nimeziweka njia kuu bega kwa bega, ili ukikaa mbele ya timu ya moyo ujue la kuuliza.

Valvu ipi, na imebanwa na nini?

Moyo una valvu nne, yaani milango inayoruhusu damu ipite upande mmoja tu, na kwa watu wazima zinazobana mara nyingi ni mbili za upande wa kushoto. Valvu ya mitrali ina vipande viwili na iko kati ya chumba cha juu na cha chini. Valvu ya aota ina vipande vitatu na iko pale damu inapotoka kwenda mwilini.

Mitrali iliyobana karibu kila mara imetokana na homa ya baridi yabisi. Maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoko, yasipotibiwa utotoni, huweza kuuchochea mwili ushambulie valvu zake wenyewe. Miaka inapita, kingo za vipande zinagandana pembeni pale zinapokutana, na mlango unabaki tundu dogo. Aota nayo hubanwa zaidi na chokaa inayojijenga taratibu kadiri mtu anavyozeeka. Wapo pia waliozaliwa na valvu ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, kama mtu 1 au 2 katika kila 100, na hao chokaa huwawahi mapema.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nusu ya jambo. Kingo zilizogandana zinaweza kutenganishwa. Kipande kilichogeuka kigumu kwa chokaa hakina cha kutenganishwa, kinatolewa au kinasukumwa pembeni.

Kwenye ripoti tafuta eneo la mlango. Mitrali ya kawaida ina sentimita za mraba 4 hadi 6, na ikifika 1.5 au chini ni kali. Aota ya kawaida ni 3 hadi 4, na kali ni 1.0 au chini. Kwa aota utaona pia kasi ya damu (mita 4 kwa sekunde au zaidi ni kali) na wastani wa tofauti ya shinikizo (milimita 40 za zebaki au zaidi). Dawa za kupunguza maji na za kutuliza mapigo humpa mgonjwa nafuu, lakini hakuna kidonge kinachofungua valvu. Mwenye aota iliyobana sana akianza kuzimia, kubanwa kifua au kuishiwa pumzi, kuahirisha ni hatari kuliko upasuaji wenyewe.

Vigezo vitano

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: inafaa valvu ya hali gani, inaingiaje mwilini na kupona kukoje, inakufunga na dawa gani za kuzuia damu kuganda, inadumu muda gani na ikichoka kinafuata nini, na humfaa nani.

Watu huuliza la pili kwanza, kwa sababu kisu kinatisha. Kwa maoni yangu la tatu na la nne ndiyo mazito. Kidonda cha kifua kinapona ndani ya miezi, ila dawa ya kila siku na uwezekano wa kurudi chumba cha upasuaji unaishi navyo.

Majina nayo yanachanganya, na kuna sababu. Mwaka 1948 madaktari watatu walifungua mitrali zilizobana kwa nyakati zilizokaribiana: Charles Bailey wa Philadelphia na Dwight Harken wa Boston mwezi Juni, kisha Russell Brock wa London mwezi Septemba. Bailey aliiita kazi yake komisurotomia, Harken akaiita valvuloplastia, na wenzake Brock wakaandika valvulotomia. Majina yote matatu yakabaki vitabuni. Siku hizi "valvuloplastia" mara nyingi ina maana ya puto, na "komisurotomia" ina maana ya kukata kingo zilizogandana, lakini usione aibu kumuuliza daktari: ni kwa puto au kwa kisu?

Kutanua kwa puto

Inafaa valvu ipi. Mitrali iliyogandana pembeni lakini bado ni laini. Daktari hutazama mambo manne kwenye eko: jinsi vipande vinavyocheza, unene wake, chokaa, na hali ya nyuzi zinazovishikilia kwa chini. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Hiyo ndiyo alama ya Wilkins, na jumla ya 8 au chini huashiria matokeo mazuri. Puto halifai kama valvu inavuja kwa kiasi cha kati au zaidi, au kama kuna donge la damu kwenye chumba cha juu kushoto. Ndiyo maana kabla ya puto mgonjwa humezeshwa mrija wa eko ya kupitia koo, kipimo kinachokera lakini chenye maana. Kwa aota ya mtu mzima iliyojaa chokaa, puto hufungua kwa muda tu, na ndani ya miezi mlango hubana tena, hivyo hutumika kama daraja la kufikia tiba ya kudumu. Mtoto aliyezaliwa na valvu iliyobana ya aota au ile ya kuelekea mapafu ni habari nyingine, maana kwake puto mara nyingi ndiyo tiba ya kwanza.

Njia na kupona. Kwa mitrali, mgonjwa hupigwa ganzi kinenani, mara nyingi yuko macho. Mrija mwembamba hupita kwenye mshipa hadi chumba cha juu kulia, ukuta kati ya vyumba viwili vya juu hutobolewa tundu dogo, na puto huvuka kwenda kushoto. Puto linalotumika sana ni la Kanji Inoue, daktari wa Japani aliyelitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Hujazwa kwa hatua: sehemu ya mbele hutangulia kuvimba na kujinasa chini ya valvu, ya nyuma hufuata, na kiuno cha katikati hufumuka mwisho na kuachanisha kingo. Kufumuka kwenyewe ni kwa sekunde chache, kisha puto hutolewa. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Hatari kubwa ni kipande kuchanika na valvu kuanza kuvuja ghafla, jambo linaloweza kudai upasuaji wa dharura. Uliza kama mahali hapo pana wapasuaji wa moyo karibu.

Dawa za damu. Puto lenyewe halimfungi mtu na warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda. Ila wenye mitrali iliyobana wengi mapigo yao yamepoteza mpangilio, na hao huendelea na warfarini kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya puto.

Kudumu. Kwenye valvu laini, nafuu hukaa miaka mingi. Kingo zinaweza kugandana tena, na kama umbo bado linaruhusu puto hurudiwa.

Humfaa nani. Vijana wenye mitrali laini, na mwanamke ambaye bado anataka kuzaa. Hata mjamzito anayeishiwa pumzi licha ya dawa anaweza kufanyiwa, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, akikingwa dhidi ya mionzi.

Komisurotomia kwa upasuaji

Inafaa valvu ipi. Mitrali ambayo puto limeikataa lakini bado inaokoleka: kuna donge la damu la kuondoa, nyuzi za chini zimegandana, au kuna valvu nyingine ya kurekebisha kwa safari hiyohiyo.

Njia na kupona. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London aliingiza kidole kwenye moyo wa msichana aliyekuwa na mitrali iliyobana. Msichana alipona, lakini Souttar hakuletewa mgonjwa mwingine wa namna hiyo, maana madaktari wenzake waliamini shida iko kwenye msuli wa moyo na valvu haina kosa. Waliofufua njia hiyo mwaka 1948 nao walifanya kazi kwa kupapasa, moyo ukiwa unapiga. Hiyo ndiyo inaitwa komisurotomia ya kufumba. Mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon alifanikiwa kuitumia kwa mgonjwa mwaka 1953, iliruhusu moyo usimamishwe na mpasuaji aone kwa macho yake. Hiyo ni komisurotomia ya wazi. Kidari hukatwa, mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, na mfupa huchukua takriban miezi miwili kuunga. Kipindi hicho hakuna kunyanyua mzigo wala kusukuma kitu kizito.

Dawa za damu. Sawa na puto: valvu ni yako mwenyewe, na warfarini hutegemea mapigo.

Kudumu. Miaka mingi, na inaweza kubana tena. Kumpasua mtu kwa mara ya pili ni kugumu kuliko ya kwanza, kwa sababu makovu yameushika moyo nyuma ya kidari.

Humfaa nani. Kijana au mtu wa makamo ambaye valvu yake inastahili kuhifadhiwa. Omba mpasuaji aliyezoea kurekebisha. Asiyezoea atakimbilia kubadilisha.

Kubadilisha: valvu ya chuma

Inafaa valvu ipi. Aota au mitrali iliyoharibika kiasi cha kutorekebishika.

Njia na kupona. Kifua hufunguliwa kama hapo juu, valvu ya zamani hukatwa, mpya hushonwa. Ile ya Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards ya mwaka 1960 ilikuwa tufe dogo ndani ya kizimba. Za leo, ingawa watu wanaziita za chuma, ni visahani viwili vya nusu duara vya kaboni ngumu. Ukilala chumba kimya unazisikia zikigonga, na aliye kando yako naye huweza kuzisikia. Wengine huzoea upesi, wengine usiku wa kwanza hauwapi usingizi.

Dawa za damu. Hapa ndipo penye uzito wote. Warfarini ni kila siku, maisha yote, pamoja na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa ana INR karibu na 1. Mwenye valvu ya chuma kwenye aota hulengwa 2.5, kwenye mitrali 3.0. Hebu fikiri mwenye valvu ya mitrali amerudi kliniki na 1.6: wiki iliyopita alisahau dozi mbili, na sasa donge linaweza kuota kwenye visahani, likavifunga au likaruka hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Mwezi mwingine anakuja na 5.2: alipewa antibayotiki kwa ajili ya kifua na hakumwambia mtoa dawa kwamba anatumia warfarini, na sasa anapiga mswaki fizi zinatoka damu. Mboga za majani hazikatazwi. Kinachotakiwa ni kuzila kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Dawa za maumivu na mitishamba zote ziulizwe kwanza. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji INR havifai kabisa kwa valvu hii: dabigatrani ilipojaribiwa, utafiti ulikatizwa kwa sababu madonge na damu kuvuja vilizidi kuliko kwa warfarini.

Kwa mimba hakuna njia isiyo na gharama. Warfarini huvuka hadi kwa mtoto na huweza kumdhuru, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, ingawa hatari hupungua kama mama anahitaji miligramu 5 au chini kwa siku. Kuhamia sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, humkinga mtoto na kumwongezea mama hatari ya donge kwenye valvu. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya valvu kuchaguliwa.

Kudumu. Chombo chenyewe hakichakai kirahisi, na huweza kumaliza maisha ya mtu bila kubadilishwa. Kinachokiharibu ni donge, kovu linaloota pembeni, au maambukizi.

Humfaa nani. Mtu ambaye bado ana miaka mingi mbele, mwenye nidhamu ya dawa na anayefika kwenye kipimo bila shida. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unaelekea valvu ya chuma kwa walio chini ya miaka 50 wanaohitaji ya aota, na chini ya 65 kwa mitrali, kama hakuna kinachozuia warfarini. Hicho kipande cha mwisho cha sentensi husahaulika sana. Kijana anayekaa mbali na maabara, asiye na uhakika wa kupata vidonge, kwenye karatasi anafaa valvu ya chuma, na maishani haimfai.

Kubadilisha: valvu ya tishu

Inafaa valvu ipi. Zilezile zinazofaa kuwekewa valvu ya chuma.

Njia na kupona. Upasuaji ni uleule. Tofauti ni malighafi: valvu ya nguruwe, au ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe, iliyotiwa glutaraldehidi ili mwili usiishambulie, mbinu iliyoendelezwa na Alain Carpentier wa Ufaransa. Ambaye imani yake inamfanya asite kuhusu nguruwe aseme mapema, maana ya ng'ombe ipo.

Dawa za damu. Mara nyingi warfarini kwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha aspirini. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio hubaki na dawa kwa sababu hiyo.

Kudumu. Miaka 10 hadi 15 kwa makadirio ya kawaida. Lakini kadiri mgonjwa alivyo kijana ndivyo chokaa inavyoishambulia valvu upesi, kwa hiyo binti wa miaka 20 asipewe matumaini ya mzee wa miaka 70. Ikichoka ni upasuaji wa pili, au kwa baadhi valvu nyingine huingizwa kwa mrija ndani ya ileile ya zamani.

Humfaa nani. Waliovuka miaka 65, wasioweza warfarini, na mwanamke anayetaka kuzaa aliyekubali, macho yakiwa wazi, kwamba atarudi kupasuliwa.

TAVI: valvu ya aota kwa njia ya mrija

Inafaa valvu ipi. Aota iliyobanwa na chokaa. Mitrali ya baridi yabisi haimo, hata mtu aombe vipi.

Njia na kupona. Alain Cribier aliifanya kwa mara ya kwanza kwa binadamu mjini Rouen, Ufaransa, Aprili 2002. Valvu ya tishu iliyokunjwa kwenye fremu hupitishwa kwenye ateri ya paja hadi moyoni, kisha hufunguliwa ndani ya ile ya zamani, ambayo haitolewi bali hubanwa ukutani. Kidari hakiguswi. Mgonjwa husimama mapema, mara nyingi kesho yake. Ina madhara yake: baadhi huhitaji kuwekewa betri ya moyo kwa sababu fremu imeminya njia za umeme, damu huweza kuvuja pembeni ya valvu, na kiharusi hutokea kwa wachache. Kipimo cha CT hutangulia kuona kama mishipa inapitika.

Dawa za damu. Kwa wengi aspirini pekee.

Kudumu. Ni tishu, kwa hiyo huchoka. Kinachowatia madaktari wasiwasi kwa vijana ni safari ya pili: kuiondoa ni kazi ngumu, na kuweka nyingine ndani yake hupunguza nafasi.

Humfaa nani. Wazee na wale ambao upasuaji ni hatari kwao. Mwongozo huohuo wa Marekani huipa nafasi ya kwanza kwa walio zaidi ya miaka 80, huelekeza upasuaji kwa walio chini ya 65, na kati ya hapo huacha mjadala. Wa Ulaya wa mwaka 2021 uliweka mstari kwenye 75.

Ipo pia njia ya Ross, aliyoianzisha Donald Ross mjini London mwaka 1967: valvu ya mgonjwa mwenyewe ya kuelekea mapafu huhamishiwa kwenye aota, na pengo huzibwa na valvu ya binadamu aliyefariki. Haidai warfarini, na kwa mtoto hukua naye. Ila ugonjwa wa valvu moja umegeuka kuwa valvu mbili za kufuatiliwa, na mikono inayoiweza ni michache.

Kwa hali yako

Kama ni mitrali, alama ni 8 au chini na hakuna donge wala uvujaji mkubwa, anza mazungumzo na puto, na umuulize anayependekeza kingine kwa nini. Kama kuna donge dogo, uliza pia kama miezi kadhaa ya warfarini inaweza kuliyeyusha kabla ya kuamua kupasua.

Kama mitrali imekakamaa na mgonjwa ni kijana, swali la kwanza ni INR: inapimwa wapi, mara ngapi, na nani atakumbusha. Majibu yakiwa mazuri, chuma ina hoja. Yakiwa ya kubahatisha, tishu ina hoja hata kwa umri huo.

Kama ni binti anayetarajia kuzaa, mwenza wake na daktari wa uzazi wawepo kwenye kikao, na mimba isitangulie mpango.

Kama ni aota kwa mzee dhaifu mwenye mishipa inayopitika, TAVI iulizwe. Kwa mwenye miaka kati ya 65 na 80, pima miaka anayotarajia kuishi dhidi ya miaka ya valvu, na uliza kama kuna mishipa ya moyo iliyoziba inayohitaji kupasuliwa pia, kwani hapo upasuaji mmoja humaliza yote mawili.

Vyovyote itakavyokuwa, mwenye valvu ya kuwekewa amwambie daktari wa meno kabla hajang'olewa jino, ili apewe antibayotiki ya kukinga moyo. Na aliyeugua homa ya baridi yabisi asiache sindano zake za benzathini penisilini za kila wiki 3 hadi 4 kwa kudhani valvu mpya imemaliza ugonjwa. Muda wa kuziacha utapangwa na daktari.